Mikono ya Watu Mia Tatu: Kuisoma "The Lottery" ya Shirley Jackson

Ni asubuhi ya tarehe 27 Juni. Jua limewaka, maua yamechanua, majani yamestawi. Shule zimefungwa juzijuzi tu, kwa hiyo watoto ndio wanaotangulia kufika uwanjani, pale kati ya posta na benki. Bobby Martin ameshajaza mawe mifukoni. Wenzake wanamuiga, wanachagua yaliyo laini na ya mviringo, na watatu kati yao wanakusanya rundo kubwa pembeni mwa uwanja na kulilinda wavulana wengine wasije wakaliparamia. Anayeisoma hadithi hii kwa mara ya kwanza hupita hapo bila kusimama. Watoto kuchezea mawe, ni wapi hakuna?

Anayeisoma kwa mara ya pili hawezi kupita. Anajua kwamba kabla ya saa sita mchana mama mmoja, Tessie Hutchinson, atazungukwa katikati ya uwanja huohuo na kupigwa mawe na majirani zake, mumewe na watoto wake wakiwa palepale. Rundo lile halikuwa mchezo. Lilikuwa maandalizi, na waliopewa kazi ya kuandaa ni watoto.

Nimeutaja mwisho mapema makusudi. Hadithi hii haiharibiki kwa kujua inakokwenda. Kinyume chake, hapo ndipo inapofunguka. Na ukiirudia ukiwa umeshajua, utaona kitu ambacho maelezo mengi ya darasani hukiruka. Wanafunzi hupewa orodha: sanduku jeusi ni kifo, mawe ni ukatili, alama nyeusi ni hatia, kiti cha miguu mitatu ni hiki, jina la fulani ni kile. Orodha hiyo si uongo, lakini inamfanya mwanafunzi aamini kwamba ishara ni lebo iliyobandikwa juu ya kitu. Katika hadithi fupi iliyosukwa vizuri ishara haibandikwi. Inajengeka kidogokidogo kwa kurudiwa, mpaka msomaji anashtuka kwamba amekuwa akiitazama tangu ukurasa wa kwanza. Kwa macho yangu, ishara kuu ya "The Lottery" ni mikono.

Shirley Jackson alizaliwa San Francisco mwaka 1916. Alipoiandika hadithi hii alikuwa akiishi North Bennington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, pamoja na watoto wake na mumewe, Stanley Edgar Hyman, mhakiki wa fasihi aliyefundisha chuo cha Bennington. Ilichapishwa katika jarida la The New Yorker toleo la tarehe 26 Juni 1948. Maana yake ni kwamba aliyeisoma siku hiyo aliambiwa habari za jambo linalotokea kesho yake. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, na Wamarekani wengi walikuwa wanajiuliza ilikuwaje watu wa kawaida huko Ulaya wakashiriki kuwaua majirani zao. Jackson hakuwapeleka Ulaya. Aliwarudisha kijijini kwao, kwenye duka la vyakula na posta.

Kwanza jina. Kwa Kiingereza, neno la kichwa cha hadithi linaleta picha ya zawadi: tiketi, namba, mtu aliyeamka maskini akalala tajiri. Tukilitafsiri "Bahati Nasibu" mtego unabaki palepale, pengine unakaza zaidi kwa kuwa neno bahati limo ndani yake. Lakini lugha yetu ina neno jingine linaloshika zaidi, nalo ni kura. Kura ni kile kikaratasi anachochomoa mtu ili bahati iamue. Kura pia ndiyo tunayotumbukiza sandukuni siku ya uchaguzi. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa: katika kura ya kwanza hakuna aliyekuchagua, katika ya pili sisi sote tumekuchagua. Kijiji cha Jackson kinajiambia kwamba kinafanya ya kwanza. Mawe yanaonyesha kwamba kinafanya ya pili.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Bwana Summers, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Bwana Graves, mkuu wa posta, wanaandaa vikaratasi. Vyote ni vitupu isipokuwa kimoja, ambacho Summers amekitia doa jeusi kwa penseli nzito. Asubuhi wakuu wa kaya wanaitwa mmoja mmoja kwa kufuata alfabeti, kila mmoja anachomoa kikaratasi na kukishika bila kukifunua. Kaya iliyoangukiwa na doa inarudia upya, safari hii kila mtu na chake, hata mtoto mdogo. Kijiji kina watu kama 300, kwa hiyo shughuli nzima haichukui hata muda wa saa mbili, na watu wanarudi nyumbani kuwahi chakula cha mchana. Jackson anakitaja hicho chakula waziwazi mwanzoni kabisa, kwa sauti ileile anayotumia kueleza hali ya hewa.

Habari ya kupigiwa kura si ngeni kwetu. Yona, ambaye Waislamu wanamjua kama nabii Yunus, aliangukiwa na kura merikebuni, akatupwa baharini. Katika Mambo ya Walawi sura ya 16, Haruni anapiga kura juu ya mbuzi wawili, kura moja ya Bwana na nyingine ya Azazeli. Kisha anaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha yule wa Azazeli, anaungama maovu ya watu wote juu yake, na mbuzi anapelekwa jangwani ameyabeba. Wahakiki wamekuwa wakiitaja sana habari hiyo ya mbuzi wanapomweleza Tessie, na wana haki. Ila tazama kinachokosekana. Kwa Yona bahari ilikuwa imechafuka na chombo kinakaribia kuvunjika. Kwa Haruni kulikuwa na dhambi za kuungama. Kwenye uwanja wa Jackson hakuna dhoruba, hakuna ukame wala tauni. Hakuna kiongozi wa dini, hakuna sala, hakuna dhambi iliyotajwa. Wanaume wanazungumza habari za mvua, matrekta na kodi. Kafara imebaki, sababu yake imeondoka zamani.

Hapo tunafika kwenye mila, dhamira ambayo kila mwalimu huigusa. Msomaji wetu anafika na methali yake mkononi: mwacha mila ni mtumwa. Maneno hayo yangeweza kutoka kinywani mwa Mzee Warner, mkongwe kuliko wote kijijini, anayehudhuria kura yake ya sabini na saba. Bwana Adams anapomwambia kwamba kijiji cha kaskazini kinafikiria kuiacha kura, mzee anawaita kundi la wapumbavu wenye wazimu. Anakumbusha msemo wa zamani, ambao kwa maneno yangu ningeusema hivi: kura mwezi Juni, mahindi yajae ghalani. Tukiacha, anasema, tutajikuta tunakula magugu ya kuchemsha na mbegu za mwaloni. Mkewe Adams anajibu kwamba kuna mahali wameshaacha. "Haitawaletea ila matatizo," mzee anasema, na hakuna anayemuuliza ni matatizo gani yaliyowapata.

Watu wengi wanaishia hapo: hadithi inapinga mila kongwe. Mimi naona Jackson amechimba chini zaidi, kwa sababu kijiji hiki kimeshaacha mila. Zamani walitumia vipande vya mbao. Sasa ni karatasi, maana watu wameongezeka. Zamani msimamizi aliimba maneno fulani. Sasa hakuna anayeyajua, na watu wanabishana kama alikuwa akisimama mahali pamoja au akitembea kati ya watu. Palikuwa na salamu maalumu kwa kila anayekuja kuchomoa, imekufa. Sanduku la kwanza lilipotea kabla hata Warner hajazaliwa. Hili la sasa limechakaa, limebanduka rangi, upande mmoja mbao imechanika, nalo kwa mwaka mzima linatupwa hapa na pale: mara ghalani kwa Graves, mara chini miguuni posta, mara kwenye rafu ya duka la Martin. Summers kila mwaka anasema litengenezwe jipya, na kila mwaka maneno yanaishia hewani, eti kwa sababu inasemekana limetengenezwa kwa vipande vya lile lililotangulia. Kitu kinachoheshimiwa hakiachwi miguuni mwa watu posta.

Kwa hiyo mila ipi hasa anaitetea mzee? Wimbo umesahaulika, salamu imesahaulika, sanduku ni la kubahatisha. Jackson anaandika sentensi moja ambayo ningemwomba kila msomaji airudie: wanakijiji walikuwa wameusahau utaratibu na kulipoteza sanduku la asili, lakini bado walikumbuka kutumia mawe. Yote yaliyohitaji moyo yameanguka njiani, kilichohitaji mikono peke yake ndicho kilichosalia.

Sasa twende kwenye mikono yenyewe. Ukiifuata, hadithi nzima inasomeka upya. Ya kwanza ni ya watoto, mifukoni na kwenye rundo. Wanaume wanafika na kusimama mbali na yale mawe. Utani wao ni wa sauti ya chini, wanatabasamu badala ya kucheka. Summers anapoomba msaada wa kulishika sanduku, watu wanasita, kisha Martin na mwanawe Baxter ndio wanaojitokeza. Summers mwenyewe anaegesha mkono mmoja juu ya sanduku kwa uzembe wa mtu aliye kazini. Tessie anafika amechelewa, mbio, sweta mabegani. Alikuwa anaosha vyombo, alisahau kabisa ni siku gani, na sasa anamweleza jirani yake, Bi Delacroix, huku akijifuta mikono kwenye aproni. Wote wawili wanacheka. Mwandishi asiye na uzoefu angemfanya Tessie awe tofauti na wenzake, mwenye dhamiri au mwenye hofu. Jackson amempa mikono yenye maji ya vyombo, basi. Ni mmoja wao.

Kisha uwanja mzima unajaa wanaume walioshika vikaratasi vidogo katika mikono mikubwa, wanavigeuzageuza kwa wasiwasi. Hofu haitajwi, iko kwenye vidole. Zamu ya watoto wa Hutchinson inapofika, mdogo kabisa, Davy, hajui hata anachofanya. Anatia mkono sandukuni akicheka. Graves anaushika ule mkono mdogo, anafumbua ngumi iliyokaza na kutoa kikaratasi, na mtoto anamtazama kwa mshangao. Nancy, mwenye miaka 12, anachukua chake kwa madaha. Kaka yao nusura aliangushe sanduku. Tessie anasita, anatazama huku na huku, ananyakua chake na kukificha mgongoni.

Halafu vikaratasi vinafunuliwa. Cha Davy kitupu, na umati unashusha pumzi. Nancy na kaka yake wanafunua kwa pamoja, nyuso zinang'aa, wanacheka na kuviinua juu ya vichwa vyao. Hapa mimi husimama kila mara. Watoto hawa wanajua hesabu: kama si wao na si Davy, basi ni baba au mama. Jackson hasemi neno. Anawaacha wacheke na mikono juu. Cha baba ni kitupu. Bill anamwendea mkewe na kukipora kikaratasi mkononi mwake kwa nguvu, kisha anakiinua watu waone.

Angalia namna mwandishi anavyosimulia. Ametumia nafsi ya tatu, lakini msimulizi wake anajizuia kama shahidi wa mahakamani: anaeleza alichoona na kusikia, nadra sana aingie vichwani mwa watu. Kinaya cha hadithi, ile hali ya jambo kuwa kinyume cha tulichokitarajia, kinazaliwa humo. Angemlaani Summers, tungepata wa kumchukia, tukafunga kitabu tukiwa tumetulia. Summers hachukiki. Anasimamia kura kwa sababu ana muda na ari ya shughuli za kijamii, kama anavyosimamia ngoma za kijiji na kilabu ya vijana. Ukitafuta mkatili mkuu hapo uwanjani hutampata. Aliyeandaa karatasi hakuchagua jina, aliyechomoa hakuandika doa, aliyerusha jiwe alirusha moja tu. Ni uovu usio na mwenyewe, na ndiyo maana unaweza kudumu kuliko binadamu yeyote.

Na Tessie? Kilio chake kinanukuliwa kila mahali: si haki. Wengi wanakisoma kama sauti ya ukweli inayopambana na umati. Soma tena maneno yake ya kwanza. Analalamika kwamba Bill hakupewa muda wa kutosha kuchagua kikaratasi alichokitaka. Hasemi kuua ni kubaya. Anasema tu kura imekosewa. Dakika chache nyuma, mumewe alipoitwa, yeye ndiye aliyemhimiza aende upesi, na watu wa karibu wakacheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kisha anafanya jambo zito zaidi: anataka binti yake Eva, aliyeolewa, aingizwe na mumewe katika kura ya kina Hutchinson, ili hatari igawanyike. Tumezoea kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa mzazi anamvuta mwana aje asimame naye. Summers anamkumbusha kwa upole kwamba mabinti huchomoa na familia za waume zao. Bi Delacroix anamwambia awe muungwana. Bi Graves anasema sote tulikuwa kwenye hatari ileile. Hatua moja baada ya nyingine, wale aliokuwa akicheka nao wanakuwa umati.

Simwoni Tessie kuwa mwovu kwa hilo. Naona kwamba Jackson alikataa kutupa shahidi msafi, kwa sababu katika jambo kama hili waathirika wa mwaka huu ndio warushaji wa mwaka jana.

Zipo njia nyingine za kuisoma. Wapo wanaoanzia kwa wanawake: wanaume ndio wanaochomoa kwa niaba ya kaya, na Janey Dunbar, ambaye mumewe amevunjika mguu, anaulizwa kwanza kama hana kijana mkubwa wa kumchomolea. Wengine wanatazama nani ana nini: mwenye makaa, mwenye posta, mwenye duka, na sanduku linazunguka mikononi mwao mwaka mzima. Majina nayo yana mzigo. Graves ni makaburi, Delacroix kwa Kifaransa ni "wa msalaba" na kijijini wanalitamka vibaya, na Hutchinson linatukumbusha Anne Hutchinson, mwanamke aliyefukuzwa koloni la Massachusetts mwaka 1638 kwa mafundisho yake ya dini. Ni mambo ya kujua, lakini usiyageuze kuwa ufunguo. Asiyejua Kifaransa hata neno moja bado atatetemeka.

Wasomaji wa 1948 walitetemeka kweli. Jackson alieleza baadaye katika mhadhara kwamba alipokea barua zaidi ya 300 kiangazi kile, na aliweza kuhesabu 13 tu zilizomsemesha kwa wema, nyingi zikiwa za marafiki. Mama yake naye aliandika kwamba yeye na baba hawakuipenda kabisa. Barua nyingine zilikuwa za mshangao, nyingine za matusi. Za kutisha kuliko zote ni za waliouliza kura hizi zinafanyika wapi, na kama wanaweza kwenda kutazama. Mwezi Julai mwaka huo, alipobanwa aeleze maana, alilijibu gazeti la San Francisco Chronicle kwamba alitaka kuuchukua utaratibu katili wa kale na kuuweka wakati wa leo, katika kijiji chake mwenyewe, ili wasomaji washtuke kwa kuuona ukatili usio na maana uliomo katika maisha yao.

Serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Huko chama cha National kilikuwa kimeshinda uchaguzi Mei 1948, mwezi mmoja kabla ya hadithi kuchapishwa, na kuanza kujenga ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Hyman aliandika kwamba mkewe alijivunia marufuku hiyo daima. Alihisi kwamba wao, angalau, walikuwa wameielewa hadithi.

Turudi uwanjani kwa mara ya mwisho. Summers anasema, haya, tumalize upesi. Bi Delacroix, yule aliyecheka na Tessie asubuhi, anaokota jiwe kubwa kiasi kwamba inabidi alibebe kwa mikono yote miwili. Bi Dunbar ana vijiwe mikono yote, anahema, anamwambia atangulie, atamkuta mbele. Tessie yuko katikati, pamewekwa nafasi kumzunguka, na ameinyoosha mikono yake mbele, mitupu. Watoto wana mawe yao tayari. Na Davy, ambaye punde tu ngumi yake ilifumbuliwa na Graves akiwa anacheka, anapewa changarawe chache mkononi. Jackson, aliyemtaja kila mtu kwa jina tangu mwanzo, hapa hataji. Anaandika tu kwamba kuna mtu alimpa.